Nyumba kwa Nyumba na Wahudumu wa Malezi: Simulizi ya Safari

Jumapili, njiani

Nimefundisha darasa la awali kwa miaka mingi, na kila mwaka mpya wa masomo hupokea watoto ambao tayari wametofautiana sana. Yupo anayeuliza jina la kila kitu anachokiona, na yupo anayekaa kimya hata akiumia, na mwalimu hujikuta anaendeleza kazi iliyoanza miaka kadhaa kabla hajamwona mtoto mwenyewe. Nilitaka kuiona kazi hiyo ikifanyika, na kumwona anayemsaidia mzazi kuifanya. Kwa hiyo nilipopata habari za wahudumu wa afya ngazi ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba kwa ajili ya wazazi wenye watoto wa chini ya miaka mitatu, niliomba kufuatana nao wakati wa likizo. Nilikubaliwa kwa sharti kwamba katika maandishi yangu nisitaje jina la mtu wala la mahali, sharti ambalo naliona la haki, kwa sababu nyumba ya mtu hubaki kuwa yake hata pale anapokufungulia mlango kwa ukarimu.

Njia ilikuwa ndefu, nami niliitumia kusoma kitini ambacho wahudumu hupewa. Kinaanzia kwenye mwongozo wa malezi jumuishi uliotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia, unaotaja mambo matano ambayo mtoto mdogo anayahitaji yote kwa pamoja: afya njema, lishe ya kutosha, ulinzi na usalama, fursa za kujifunza tangu mwanzo, na malezi yenye mwitikio, yaani mzazi kuiona ishara ya mtoto, kuielewa na kuijibu kwa wakati. Hapo niliweka kitini chini kwa muda. Afya na lishe zina mizani, kadi, chanjo na foleni ya kliniki. Malezi yenye mwitikio hayana mizani, na mzazi anaweza kuhudhuria kliniki miaka miwili bila mtu yeyote kumuuliza jinsi anavyozungumza na mtoto wake. Ilhali makadirio yaliyochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Lancet yalionyesha kwamba watoto wapatao milioni 250 wa chini ya miaka mitano katika nchi za kipato cha chini na cha kati, sawa na asilimia 43 ya watoto wa umri huo, wamo katika hatari ya kutoufikia uwezo wao wa makuzi kwa sababu ya ufukara uliokithiri na udumavu, yaani kimo kuwa kifupi mno kwa umri wa mtoto. Tulifika usiku, na nililala nikiwa na hamu kupambazuke.

Jumatatu, kituo cha afya

Msimamizi wa wahudumu ni muuguzi wa siku nyingi, mwenye sauti ya chini na jicho lisilopitwa na kitu. Asubuhi yote aliwapanga wahudumu wawili wawili, mmoja akiwa mzazi na mwingine akiwa mgeni, wakafanya mazoezi ya ziara ya wiki hii. Alichokisisitiza kuliko vyote ni mkono unaopaswa kukipokea kifaa cha kuchezea. Mhudumu akimkabidhi mtoto kifaa moja kwa moja, alisema, mtoto atacheza na mhudumu, na mhudumu akiondoka mchezo utaondoka naye. Akimkabidhi mama, mama ndiye atakayeendelea na mchezo kesho na keshokutwa. Jambo hili linaonekana jepesi mpaka mtu alijaribu. Karibu kila mhudumu, zamu yake ilipofika, mkono wake ulikwenda wenyewe kwa mwanasesere aliyewekwa badala ya mtoto, na kila mara msimamizi aliwarudisha mwanzo bila kuwakaripia, akitumia upole ule ule anaotaka wao wautumie kwa wazazi.

Baada ya mapumziko aliwaeleza asili ya mbinu hii. Katika miaka ya 1986 na 1987, jijini Kingston nchini Jamaica, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliandikisha watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa kati ya miezi 9 na 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani kwa saa moja kila wiki na wahudumu wa afya wa jamii, ambao walimwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe kwa vifaa vilivyotengenezwa kwa vitu vya kawaida vya nyumbani. Wengine walipewa lishe ya nyongeza ya maziwa, wengine vyote viwili, na wengine hawakupata chochote kati ya hivyo. Kazi hiyo ilidumu miaka miwili. Walipotafutwa tena miaka 20 hivi baadaye, wale waliotembelewa walikuwa na kipato kilichowazidi kwa asilimia 25 wenzao waliodumaa ambao hawakutembelewa, wala lishe ya nyongeza peke yake haikuacha alama kama hiyo katika kipato chao. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2014. Watoto 129 ni wachache, na mtu makini ana haki ya kutaka ushahidi zaidi kabla ya kujenga mpango wa nchi nzima juu yao. Hata hivyo, ni nadra sana watoto kufuatiliwa kwa muda mrefu kiasi hicho, na ninaamini uzito wa utafiti huu umo katika uvumilivu wa walioufanya.

Mhudumu mmoja aliuliza kwa nini ziara ziwe za kila wiki, ilhali njia ni ndefu na familia ni nyingi. Msimamizi alijibu kwa utafiti mwingine wa huko huko Jamaica, uliochapishwa mwaka 1989, ambao ulilinganisha ziara za kila mwezi, za kila wiki mbili na za kila wiki. Za kila mwezi hazikuleta tofauti ya maana, za kila wiki mbili zilileta kiasi, na za kila wiki ndizo zilizoleta tofauti iliyo wazi. Nilitazama ratiba iliyobandikwa ukutani nikaelewa kwa nini imejaa hivyo.

Jumanne, bondeni

Tuliondoka mapema kwa miguu, mhudumu akitangulia na mfuko wake begani. Ndani ya mfuko mlikuwa na chupa ya plastiki yenye kokoto, ambayo kifuniko chake kimegandishwa kwa gundi ili kokoto zisije zikaingia kinywani mwa mtoto, vipande vya mbao vilivyosuguliwa hadi vikawa laini, mwanasesere wa kitambaa, na kitabu cha picha kilichoshonwa kwa mkono.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mama kijana mwenye mtoto wa kike wa miezi 11. Mhudumu hakuufungua mfuko kwanza. Aliuliza wiki imekwendaje, mtoto analala vipi, na mchezo wa wiki iliyopita umefikia wapi. Mama alisema amechoka, kwa sababu mtoto hutupa chini kila anachopewa.

“Akishatupa, anafanya nini?” mhudumu aliuliza.

Mama alifikiri kidogo. “Ananitazama.”

“Na wewe?”

“Naokota, namrudishia.”

“Basi, mama, mchezo mmeshauanza nyinyi wenyewe,” mhudumu alimwambia, kisha akamweleza kwamba mtoto wa umri huo anajifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba kitu kikiachwa huanguka, na kwamba yupo mtu wa kumrudishia. Niliona uso wa mama ukibadilika. Jambo lililokuwa kero tangu juzi limekuwa ushahidi kwamba mtoto wake ana akili na kwamba yeye mwenyewe ni mwalimu.

Ndipo chupa ikatolewa, ikawekwa mikononi mwa mama. Mama aliitikisa kwa kasi mbele ya uso wa mtoto, na mtoto akageuka pembeni. Akaitikisa kwa nguvu zaidi. Nilitamani kunyoosha mkono, na nadhani mwalimu yeyote angetamani vivyo hivyo, lakini mhudumu alitulia kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini, “Tumwache kidogo, mama, tuone macho yake yanakwenda wapi.” Macho yalikwenda kwenye kifuniko chekundu. Mama akakigusa kifuniko, akakitaja jina na rangi yake. Mtoto akaweka kidole pale pale, akatoa sauti. Mama akairudia sauti ile kama alivyoisikia, mtoto akacheka na kuitoa tena, na wakaendelea hivyo kwa muda ambao sikuupima, huku mhudumu akiwa kimya kabisa. Ukimya ule, kwa maoni yangu, ulihitaji ujuzi kuliko maneno yote yaliyoutangulia.

Chuoni tulisoma majaribio ya mwanasaikolojia Edward Tronick ya miaka ya 1970, ambamo mama aliombwa akabiliane na mtoto wake mchanga kwa uso mtulivu usiojibu chochote. Mtoto hujaribu kumrudisha mama yake kwa tabasamu, kwa sauti, kwa mikono, na asipojibiwa hugeuza uso na kuanza kutaabika. Nilikuwa nimeyahifadhi majaribio hayo kama maarifa ya mtihani. Leo niliona upande wake wa pili: ishara ndogo ya mtoto imepokelewa, imejibiwa, na mtoto amerudi kutaka zaidi. Mabadilishano kama hayo, yakirudiwa mara nyingi kwa siku katika miaka ya mwanzo, ndiyo yanayojenga njia za ubongo ambazo lugha, utulivu wa hisia na kujifunza kwa baadaye huzitegemea.

Nyumba ya pili tulimkuta bibi anayemlea mjukuu wa miaka miwili, ambaye wazazi wake wako mbali kwa ajili ya kazi. Alitukaribisha vizuri, kisha akasema waziwazi, “Mwanangu, mimi nimelea watoto saba, na wote ni wazima. Sasa nifundishwe nini tena?” Ni swali zuri, na programu nyingi hulijibu vibaya kwa kumchukulia mlezi kama mtu asiyejua kitu. Mhudumu alimjibu, “Bibi, sikuja kukufundisha kulea. Nimekuja unieleze, hao saba walipokuwa wakilia usiku, ulikuwa unawafanyia nini?” Bibi akaanza kusimulia, akaimba, na mjukuu aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akatoka na kumkalia mapajani. Katika saa iliyofuata mhudumu aliongeza jambo moja tu, kitabu cha picha, akimwomba bibi asimulie kile anachokiona badala ya kuuliza maswali ya kumpima mtoto. Bibi hasomi, na kitabu hakikuwa na maneno. Alikishika vizuri, akamweleza mjukuu juu ya kila picha kwa namna ambayo mimi, na vyeti vyangu, nisingeweza kuiboresha.

Nyumba ya tatu hatukumkuta mtu. Katika ya nne mtoto alikuwa na homa na alikataa kunyonya, na kwa kuwa hizo ni dalili za hatari, ziara ya michezo iligeuka kuwa safari ya haraka kwenda kituo cha afya. Mhudumu alibeba mfuko wa mama, mama akabeba mtoto, na somo la siku hiyo likaachwa bila majuto.

Jumatano, mlimani

Kabla hatujafika, mhudumu alinieleza kwamba leo huenda nisione mchezo wowote. Mama tuliyekuwa tunamwendea ana mtoto wa miezi minne. Mtoto ni msafi na uzito wake ni mzuri, lakini mama huongea kwa shida, hasinzii hata mtoto anapolala, na kwa wiki kadhaa ameacha kutoka nje. Tulipofika niliomba kukaa uani na watoto wakubwa, kwa sababu mazungumzo ya ndani hayakunihusu. Ninayoyaandika ni yale tu ambayo mama mwenyewe aliridhia nielezwe.

Mhudumu aliuacha mfuko mlangoni. Alikaa na mama kwa muda mrefu kuliko saa iliyopangwa, akamsikiliza, wakachagua pamoja jambo moja dogo ambalo mama anaweza kulifanya kabla ya wiki ijayo, na wakakubaliana kwamba mume wake ataombwa kushika usiku mmoja kati ya kila mawili. Aliuliza pia, kwa uwazi na bila kuzungukazunguka, kama mama amewahi kufikiria kujidhuru, kwa maana jibu la ndiyo lingemfanya asiondoke bila kumfikisha kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Jibu lilikuwa hapana, naye akaandika tarehe ya kurudi ambayo ni ya karibu zaidi kuliko kawaida.

Njiani aliniambia kwamba kazi hii hakuibuni yeye. Vijijini nchini Pakistan, wahudumu wa afya wa jamii ambao hawakuwa wataalamu wa magonjwa ya akili walifundishwa kuwasaidia akina mama wenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, kwa mazungumzo yaliyopangwa, yanayogusa afya ya mama mwenyewe, uhusiano wake na mtoto, na uhusiano wake na watu wanaomzunguka. Matokeo yaliyochapishwa na Atif Rahman na wenzake mwaka 2008 yalionyesha kwamba mtoto alipofikisha miezi sita, akina mama waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23 miongoni mwa waliosaidiwa hivyo, na asilimia 53 miongoni mwa waliotembelewa bila mazungumzo hayo. Shirika la Afya Duniani lilikitoa kitabu cha mbinu hiyo mwaka 2015 ili nchi nyingine zikitumie.

Sitaki kulipitia jambo hili kwa haraka, kwa sababu ndilo ninaloliona likisahauliwa zaidi katika mazungumzo ya elimu ya wazazi. Mtoto husomewa ishara zake na mtu ambaye ana nguvu ya kuzisoma. Mama asiyelala, aliyekata tamaa, ambaye anaogopa nyumba yake mwenyewe au hajui kesho italeta nini, akiambiwa aimbe na acheze zaidi, atayasikia maneno hayo kama orodha nyingine ya mambo aliyoshindwa. Ndiyo maana naafiki utaratibu wa hapa wa kuanza ziara mama angali mjamzito, utaratibu unaofanana na ule wa mtafiti David Olds huko Elmira, katika jimbo la New York, ambako tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 wauguzi waliwatembelea wanawake wenye ujauzito wa kwanza na kuendelea nao mpaka mtoto alipofikisha miaka miwili. Miaka 15 baadaye, taarifa zilizothibitishwa za ukatili na kutelekezwa kwa watoto zilikuwa pungufu kwa karibu nusu katika familia hizo kuliko katika zile ambazo hazikutembelewa. Muuguzi aliyekuja wakati wa ujauzito alikuja kwa ajili ya mwanamke mwenyewe, kwa kuwa mtoto alikuwa hajazaliwa, na nadhani imani iliyojengeka katika miezi hiyo ndiyo iliyofungua milango iliyobaki.

Alhamisi, kituoni

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, na mto uliopo kati yetu na vijiji vya mashariki haukuvukika. Tulikaa kituoni tukashona vitabu vya picha na kusugua mbao. Wahudumu waliwapigia simu wazazi wote waliokuwa kwenye ratiba, mmoja baada ya mwingine, kuwaambia siku mpya ya ziara, kwa sababu mzazi aliyengoja bure leo hatangoja wiki ijayo.

Ijumaa, ukumbi wa kijiji

Leo ilikuwa zamu ya kikao cha kikundi, ambacho hukutanisha wazazi wenye watoto wa umri unaokaribiana kila baada ya wiki mbili. Mwanzoni mwa safari niliamini kwamba kikundi ni njia ya kubana matumizi tu, na kwamba ziara ya nyumbani ndiyo huduma kamili. Ushahidi hausemi hivyo. Katika jimbo la Odisha nchini India, vikao vya vikundi viliinua makuzi ya watoto kwa kiwango kinachokaribia kile cha ziara za nyumbani, kwa gharama ndogo zaidi. Magharibi mwa Kenya, mpango wa Msingi Bora uliojaribiwa katika vijiji 60 ulionyesha kwamba vikao 16 vya kila wiki mbili viliwanufaisha watoto katika utambuzi na katika lugha, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2021.

Nilipokuwa nimekaa nyuma ya ukumbi nilianza kuelewa sababu. Mada ilikuwa hasira za mtoto wa miaka miwili. Mwezeshaji alianza kwa kuuliza nani amewahi kuona mtoto akijitupa chini mbele za watu, na mikono yote ikanyooka, na kicheko kilichofuata kiliwatua akina mama mzigo ambao hotuba yoyote isingeutua. Kisha wakaigiza. Mzazi mmoja alikuwa mtoto, mwingine mama, na waliobaki walitazama na kueleza walichokiona. Walijaribu kuitaja hisia ya mtoto kwa sauti tulivu, kumpa chaguo mbili ambazo zote mzazi anazikubali, kusubiri pembeni yake bila kumwacha peke yake, na kumsifu dakika anapotulia kwa kutaja hasa alichokifanya vizuri. Baba mmoja alisema kwamba yeye alichapwa na hakuna kilichoharibika. Hakuna aliyemzomea. Mwezeshaji alimwomba akumbuke alijifunza nini siku alipochapwa, kosa lake au namna ya kulificha, na baba yule alinyamaza kidogo kabla ya kujibu kwamba alijifunza kulificha. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inapendekeza programu za namna hii kwa wazazi katika kuzuia ukatili na kuimarisha uhusiano kati ya mzazi na mtoto, na nafurahi kwamba pendekezo hilo limeandikwa. Lakini kilichombadilisha baba yule asubuhi ya leo kilikuwa swali lililoulizwa kwa heshima mbele ya majirani zake.

Akina baba walikuwa wachache, ila wapo, na sababu ya kuwapo kwao inaeleweka. Vikao vilipokuwa vikifanyika saa za kazi, hakufika hata mmoja. Vilipohamishwa hadi asubuhi ambayo wengi wako nyumbani, na mwaliko ulipotaja jina la baba pia, walianza kuja. Mmoja wao alinieleza kwamba hakuwahi kuzungumza na mwanawe hadi mtoto alipoanza kutamka maneno, kwa kuwa aliona ni kazi bure kuzungumza na asiyejibu. Sasa humweleza kila anachokifanya wakati anamwogesha.

Alikuwapo pia mama mwenye mtoto wa miaka miwili ambaye bado hajakaa bila kushikiliwa. Wakati wa michezo alimshika mtoto kifuani na kusogea pembeni, na mwezeshaji alimfuata, akakunja kitambaa cha kumwegemeza, kisha akaubadilisha mchezo ule ule ili mtoto aufanye akiwa amelala ubavu. Mtoto alipanua vidole vyake taratibu mpaka vikafika kwenye mbao, na wenzake wawili wakasogea kucheza naye. Ameshapewa rufaa kwa mtaalamu wa viungo, lakini mama yake alisema hii ndiyo mara ya kwanza watoto wa wenzake kumsogelea.

Jumamosi, kikao cha wahudumu

Ningeandika juu ya siku moja tu ya safari hii, ningeiandika ya leo. Kila Jumamosi msimamizi hukaa na wahudumu wote, na wiki nzima amekuwa akifuatana na mmoja wao kila siku ya ziara, akitazama bila kuingilia. Leo kila mhudumu alieleza ziara moja iliyomwendea vizuri na moja iliyomkwaza. Yule aliyemtembelea mama wa mlimani alizungumza kwanza, na sauti yake ilipokatika wenzake walimpa muda. Kazi ya kubeba huzuni za watu huhitaji mahali pa kuitua, na mhudumu asiyekuwa na mahali hapo huanza kupita haraka katika nyumba za watu. Kisha walirudia, kwa mara nyingine, zoezi la kumkabidhi mama kifaa.

Naandika haya kwa msisitizo kwa sababu najua programu zinapopanuliwa ndicho kinachokatwa kwanza. Brazil ilianzisha mpango wa taifa wa ziara za nyumbani, Criança Feliz, mwaka 2016, ukawafikia watoto wengi mno, zaidi ya milioni moja. Lakini tathmini iliyofanywa kwa uangalifu haikuona athari kwa makuzi ya watoto, na waliofanya tathmini walitaja matatizo ya utekelezaji, yakiwemo mafunzo, ubora wa ziara na usimamizi. Mpango haukukosea kuhusu mahitaji ya watoto. Kati ya ziara inayoandikwa kwenye fomu na ziara ambayo mama ameshika kifaa mwenyewe kuna umbali, na umbali huo hupimwa na msimamizi anayefika, anayetazama, na anayerudi wiki ijayo. Anayetaka kuipanua kazi hii na ahesabu wasimamizi kabla ya kuhesabu familia.

Kabla kikao hakijafungwa, waliniuliza mimi swali, nalo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote ya wiki. Mtoto akitimiza miaka mitatu ziara husimama. Nini hufuata? Nilifikiria Colombia, ambako ziara za namna hii ziliinua uwezo wa watoto wa kufikiri, kisha walipopimwa tena miaka miwili baada ya ziara kumalizika, tofauti ilikuwa haionekani tena. Sikuwa na haki ya kuwajibu kwamba hilo ni suala la serikali tu, kwa sababu mtoto anayetoka mikononi mwao anakuja darasani kwetu sisi walimu, na mzazi aliyezoea kuulizwa anachokiona kwa mwanawe hukutana na shule ambayo humwita siku ya tatizo pekee.

Tukakaa mchana wote kulipanga. Wazazi watakaoridhia watawaruhusu wahudumu kuwapa walimu wa darasa la awali maelezo mafupi: mtoto anapenda mchezo gani, anatulizwa na nini, nani humlea nyumbani, na kama yupo kwenye rufaa yoyote. Mzazi na mtoto watatembelea darasa pamoja na mhudumu kabla ya siku ya kwanza ya masomo. Na vikao vya kikundi vya Ijumaa, kwa wazazi wa watoto waliofikisha miaka mitatu, vitaendelea ndani ya darasa letu, mwalimu akiwa mwezeshaji, kwa sharti ambalo msimamizi aliliandika kwa mkono wake juu ya karatasi: kwamba kila mwalimu atapitia kwanza mazoezi ya Jumatatu, pamoja na mwanasesere. Nimeisaini karatasi hiyo, na mkutano wa kwanza na walimu wenzangu umepangwa wiki moja kabla shule hazijafunguliwa.